Bwana Taji wa Langoni

Mfamasia alipunguza mwendo, akazima redio, akasema kwa sauti ya mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo, "Haya, tazameni wenyewe."

Langoni pa hifadhi palisimama bango kubwa, refu kuliko gari lenyewe. Katikati yake alichorwa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mwekundu, mnene, nundu imetuna, na mbele ya pofu walisimama watu wawili. Mmoja alikuwa mwembamba, mkono mmoja ameuinua. Mwingine alikuwa mrefu, mabega mapana, na kichwani amevaa taji lenye ncha. Chini yao herufi nene zilimkaribisha mgeni kwenye makazi ya wanyama na michoro ya kale.

"Mama, hii ni kazi ya mwanao," Mfamasia akageukia kiti cha nyuma. "Aliinakili kwa mkono wake kutoka mwambani, enzi zile akiwa makumbusho. Hata tiketi zao zina picha hii. Huyu mrefu wanamwita Bwana Taji. Wapo wanaosema alikuwa mganga wa mvua."

"Najua," Mama akajibu, na akapandisha kioo cha dirisha, ingawa joto lilikuwa la kuokea mkate.

Fundi, binti mwenyewe, alikuwa kiti cha mbele. Alimtazama Bwana Taji, na moyo wake ukaanza kwenda mbio bila kumwomba ruhusa.

Ngoja tumjue vizuri huyu Fundi. Jina la kuzaliwa analo, tena zuri, lakini mtaani kwao ukiliuliza watakushangaa. Ukisema Fundi, utapelekwa mpaka mlangoni: kibanda chenye makopo ya rangi, harufu ya tapentaini, na mabango yaliyoegemezwa ukutani yakisubiri kukauka. Ni yeye anayeandika majina ya maduka, saluni na gereji. Herufi zake zimenyooka bila rula. Na hivyo ndivyo alivyokutana na Mfamasia. Bwana huyu alikuja kuandikiwa bango la duka lake la dawa. Rangi haijakauka, akarudi kusema herufi ya kwanza imekaa upande. Ikarekebishwa. Akarudi tena kusema ilikuwa nzuri zaidi mwanzoni. Fundi akaweka brashi chini, akamwambia, "Bwana, sema kilichokuleta, usilibebeshe bango mzigo bure." Naye akasema kwamba anataka kumwoa.

Na wala si mtu wa kubeza. Alifiwa na mkewe, akakaa na majonzi yake kwa heshima, hakumsumbua mtu. Mpole, shati limepigwa pasi, na akifika nyumbani humuuliza Mama habari za magoti yake kabla salamu haijaisha. Mama alimpenda papo hapo. "Mwanamume anayefunga duka jioni na kurudi nyumbani," alikuwa akisema huku akikuna nazi hewani kwa mikono mitupu, kama afanyavyo akitaka kusisitiza jambo. "Wewe unataka nini tena?"

Wiki iliyopita Mfamasia aliomba jibu. "Twende tutembee siku moja, wewe, mimi na Mama," alimwambia Fundi. "Tuone wanyama, tupunge upepo. Tukitoka huko uniambie ndiyo au hapana. Mimi si kijana wa kuzungushwa, lakini hata hapana yako nitaipokea." Fundi alikubali. Alipouliza wanakwenda hifadhi gani, Mfamasia alicheka tu, akasema hiyo ni siri yake.

Basi siri ndiyo hii. Kati ya hifadhi zote zilizopo, yeye kwa wema wake akawaleta hapa.

Mama angependa kupinga, lakini angepinga kwa sababu gani? Ingembidi aeleze. Kwa hiyo alikaa na pochi yake mapajani kama mtu anayepelekwa kutoa ushahidi.

Walizunguka na gari asubuhi nzima. Waliona pundamilia, waliona nyati wakitafuna huku wakiwakodolea macho kama wenye nyumba waliovamiwa na wageni wasio na adabu. Mtoto wa tembo alikanyaga mkonga wake mwenyewe, akajikwaa, akakimbilia kwa mamaye kwa aibu, na hapo Mama akasahau hasira zake, akacheka mpaka akajishika ubavu. Mfamasia akafurahi kumwona anacheka. Fundi naye alitabasamu, lakini kila kitu alikuwa akikiona mara mbili, kilivyo sasa na kilivyokuwa zamani. Pale kwenye mti uliopinda walikuwa wakinywa chai ya chupa kabla ya kupanda mwambani. Kwenye kile kijito aliteleza siku ya kwanza, akatumbukia na viatu vyake vya mjini, na mtu fulani akamvuta kwa mkono, halafu akasahau kuuachia.

Aliambiwa zamani kwamba mtu huyo alihamishwa. Mbali, huko mpakani. Sasa macho yake yanatafuta nini?

Mchana ulipoanza kupungua makali, walifika chini ya mlima wa mawe. Palikuwa na benchi kivulini na kibanda cha mawe cha mwongoza wageni, maana bila mwongozaji mgeni haruhusiwi kupanda kwenye michoro. Mfamasia akapiga hodi. Mtu akatoka akiwa ameinama, kwa sababu mlango ule ulijengwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Alipojinyoosha akawa mrefu, mrefu sana, nywele za pembeni zimeingia mvi, kofia ya kazi mkononi.

"Karibuni sana," alisema. "Poleni na sa..."

Safari haikumaliziwa. Macho yake na ya Fundi yaligongana. Uso ulikuwa ule ule, umekunjwa kidogo pembeni mwa macho na jua la miaka. Alikuwa Twiga. Ndivyo askari wenzake wa hifadhi walivyomwita, na ndivyo Fundi mwenyewe alivyomwita kwa sauti ya chini, enzi ambapo jina hilo lilikuwa tamu mdomoni.

Twiga alikuwa wa kwanza kujikaza. Akavaa kofia, akaivua tena, akamgeukia Mama aliyekuwa anashuka garini. "Shikamoo, Mama."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, safari ndefu hiyo. "Marahaba," akasema. "Kumbe ulirudi."

"Nilirudi, Mama. Siku hizi siendi doria. Mimi na mawe haya tu."

"Mnafahamiana?" Mfamasia akauliza, uso umechangamka.

"Alikuwa askari wa kunilinda," Fundi akajibu haraka, "wakati nanakili michoro. Kuna chui huko juu."

"Alikuwepo," Twiga akasema. "Amezeeka sasa, kama sisi."

Mama alisema magoti yake hayapandi mawe ya mtu, akaketi kwenye benchi na kikapu cha mayai ya kuchemsha. Wale watatu wakaanza kupanda. Twiga alitangulia, akimweleza Mfamasia habari za pimbi wanaoota jua, za nyuki waliojenga kwenye ufa, za rangi iliyosagwa kutoka kwenye jiwe jekundu na kuchanganywa na mafuta. Sauti yake ilikuwa ya kazi, tulivu. Lakini kila walipofika penye jiwe bovu alisimama kando, akalionyesha kwa kidole bila kumtazama mtu, na Fundi alijua analionyeshwa yeye.

Walifika kwenye ukingo mwembamba chini ya mwamba ulioinamia mbele mithili ya kibaraza. Pofu alikuwa pale. Jamani, alikuwa pale pale, mwekundu, mgongo wake umepasuliwa na ufa mdogo ambao Fundi aliujua kama anavyojua kovu la goti lake. Machozi yakamlengalenga ghafla, akajifanya anafuta vumbi.

Hapa ndipo alipokuwa msichana. Makumbusho ilimtuma na mizigo ya karatasi za nailoni, zile zinazopitisha mwanga, azitandaze mbele ya michoro na kuifuatisha kwa kalamu. Gundi ilikatazwa, misumari ilikatazwa, hata kuegemea mwamba kulikatazwa, rangi isije ikabanduka. Karatasi ilibidi ishikwe na mtu. Mbele ya mchoro palikuwa pafinyu, watu wawili hawawezi kusimama bega kwa bega. Kwa hiyo Twiga aliweka bunduki chini, akasimama nyuma yake, akanyoosha mikono juu ya kichwa chake na kuishika karatasi pembe za juu, na Fundi akafanya kazi humo ndani, katikati ya mikono miwili, kama aliyejengewa nyumba.

Tatizo lilikuwa pumzi. Mmoja akivuta hewa wakati mwenzake anaitoa, karatasi ilicheza na mstari ukaharibika. Waliharibu karatasi nyingi mwanzoni, wakalaumiana. Kisha wakajifunza kupumua pamoja. Huyu alivuta, yule akavuta. Huyu alitoa, yule akatoa. Haikuchukua muda wakawa wanapumua hivyo hata wakila, hata wakitembea, na siku moja wakiwa wamekaa wanatazama swala wakinywa maji, Twiga akamwambia, "Fundi, mimi peke yangu sijui tena kuvuta hewa." Jina la Fundi lilianzia hapo. Watu wa mtaani walilikuta tu.

"Samahani," sauti ya Mfamasia ikamrudisha. Alikuwa ameinua tiketi yake, analinganisha na mwamba. "Pofu namwona. Huyu mwenye mkono juu namwona. Bwana Taji yuko wapi?"

Twiga alisafisha koo. "Siku hizi haonekani vizuri. Mwanga, unajua. Na umri."

"Haonekani hata kidogo," Mfamasia akasema kwa huzuni. "Na ndiye niliyemfuata."

Fundi alisogea. Aliutazama mwamba kwa jicho la kazi, jicho ambalo haliwezi kudanganywa, maana limetazama kingo za rangi maisha yake yote. Pale palipotakiwa kuwa na Bwana Taji palikuwa na doa la maji lenye rangi ya kutu, refu, linaloteremka kutoka kwenye ufa. Rangi iliyopakwa na mtu haikuwepo. Haikufutika, haikufifia. Haikuwahi kuwepo.

Kabla hajafungua mdomo, sauti ya Mama ilipanda kutoka chini, kali. "We baba! Njoo huku, manyani yamekuja na yanakikodolea macho kikapu!"

"Yamenusa mayai," Twiga akasema. "Yakifungua gari yatakula mpaka viti."

Mfamasia, aliyesukumwa zaidi na heshima ya mkwe kuliko na hofu ya nyani, tayari alikuwa anateremka, mkono mmoja kwenye mwamba, akijibu, "Nakuja, Mama, usiyatazame machoni."

Wakabaki wawili.

"Twiga," Fundi akasema bila kugeuka. "Nilichora nini hapa?"

"Ulichora vizuri."

"Sikukuuliza hivyo. Hapa hapana mtu. Kuna doa. Kazi yangu iko langoni, iko kwenye tiketi, watu wanaandika habari za mtu ambaye hayupo. Mimi huyu niliona nini siku ile?"

Twiga alilitazama jua lililokuwa limeanza kuinama nyuma yao, akavaa kofia yake, ile ya kazi iliyokunjwa upande mmoja. "Simama pale ulipokuwa ukisimama," akasema.

"Kwa nini?"

"Simama tu."

Alisimama. Alisikia hatua zake nyuma, akasikia kitambaa cha shati kikisuguana, na mikono miwili mirefu ikapita juu ya kichwa chake, mmoja huku, mmoja kule, vidole vimebana hewa kama vinashika karatasi. Haikumgusa popote. Ilitosha kwamba ilikuwepo. Harufu ilikuwa ile ile, ya sabuni ya mche na majani makavu, na mwili wa Fundi ulikumbuka kabla yake. Alijikuta anavuta hewa, na nyuma yake mtu anaivuta pia.

"Sasa tazama doa," Twiga akasema.

Juu ya doa la kutu kilikaa kivuli cha mtu mrefu, mabega mapana. Kofia ilikuwa kichwa. Vidole vya mkono wa kulia, vilivyosimama juu ya kofia, vilikuwa ncha za taji.

Fundi alitazama. Akatazama tena. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko kizima cha tumboni, kikagonga mwamba na kurudi, pimbi wakakimbia, naye akaendelea kucheka mpaka akashika magoti. "Mganga wa mvua," akasema akifuta machozi. "Mganga wa mvua ni wewe."

"Kuna bwana mmoja alikuja, akasema nilikuwa mfalme. Nikamshukuru."

Walicheka wote wawili hadi wakaishiwa. Twiga alikuwa ameshusha mikono. Akarudi nyuma hatua, kwa heshima.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile jioni. Jua lilizunguka, nikaona taji limeondoka mwambani lakini kwenye karatasi limebaki. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake gari la mjomba wako likaja."

Fundi alikaa chini kwenye jiwe. Hakuhitaji kukumbushwa. Mama alikuwa kwenye gari lile, anabubujikwa machozi. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mama aliutumia ujana wake wote akikaa dirishani kila gari lilipopita, mpaka siku ambayo habari za kifo chake zilikuja kwa mdomo wa mtu mwingine. Aliposikia binti yake anataka kuolewa na askari wa porini, alisema neno moja tu: chagua. Mimi au huyo mtu wa simba.

"Ungeniambia baadaye. Ungetuma ujumbe."

"Ningekuambia, ungesahihisha. Nakujua. Ungenifuta." Twiga aliikunja kofia mikononi. "Wakaja wakaweka lile bango. Nikasema acha. Kila anayeingia hapa ananipita, nimechorwa kwa mkono wako. Nilihamishwa mpakani, nikaoa huko. Hatukujaliwa watoto, na mwenzangu alichoka na upweke, akaondoka. Alisema nawasikiliza tembo kuliko yeye. Hakusema uongo. Nikaomba kurudi hapa. Sikurudi kwa ajili ya tembo."

Upepo ulipita, ukaleta harufu ya nyasi zilizochomwa na jua. Chini huko Mfamasia alikuwa anapiga makofi kufukuza nyani.

"Yule bwana," Twiga akauliza, "ni wako?"

"Ameniomba. Anataka jibu leo, tukitoka."

"Ni mtu mwema?"

"Mwema sana."

Twiga alilitazama gari kule chini. "Basi."

Fundi aliinuka kama aliyechomwa. Hasira aliyoitunza miaka yote, ambayo hata yeye alidhani imeoza, ilikuwa nzima kabisa. "Basi nini? Siku ile pia ulisema basi. Ulibeba begi langu wewe mwenyewe, ukaliweka kwenye gari, ukafunga mlango taratibu usije ukaniumiza vidole, ukasema basi. Mimi nilikaa kwenye kiti nikisubiri useme lolote. Lolote, Twiga. Hata ungetukana."

"Mama yako alikuwa analia. Ningegombana na mama anayelia?"

"Na mimi sikulia?"

"Ulilia," akasema polepole. "Nilikuwa kijana, nyumba yangu ya bati, godoro langu la serikali. Nilisema huyu atapata mtu wa maana. Nilijiona muungwana. Baadaye ndiyo nikajua kwamba nilikuwa mwoga."

"Sasa hivi je?"

Mtu huyu aliyesimama mbele ya nyati bila kupepesa jicho alihangaika na ukingo wa kofia. "Sitaki uondoke," akasema. "Nimekuwa nikitaka kusema hivyo tangu lile gari. Nakupenda, Fundi. Huyo bwana ni mwema, namwona, na mimi sina alichonacho. Lakini sitaki uondoke na sitabeba begi la mtu leo."

Fundi hakumkumbatia. Si kwamba hakutaka. Alijua akimgusa hatateremka tena, na chini kulikuwa na mtu anayestahili kujibiwa usoni. Alimtazama tu, muda mrefu, mpaka akashiba. "Nitawaandikia makumbusho," akasema. "Kazi yangu ina kosa, siwezi kuiacha hivyo. Nitakufuta langoni."

"Kweli utanifuta?"

"Huna haja ya kukaa ukutani. Mimi hapa ninakuona." Akaanza kuteremka, na safari hii hakungoja kuonyeshwa mawe mabovu.

Mfamasia alikuwa amesimama kando ya gari, vumbi mpaka magotini, yai moja lililookolewa likiwa mkononi. Mama alishaingia kiti cha nyuma. Jua lilikuwa limeshuka, na lango hufungwa jua likizama.

"Naomba tuongee pembeni," Fundi alimwambia. Wakasogea mpaka kwenye kichaka. Alitafuta maneno mazuri, akayakosa, akaamua kusema kweli. "Jibu langu ni hapana. Wewe hukukosa kitu. Ningesema ndiyo ningekuwa nakudanganya kila siku, na wewe hustahili kudanganywa hata siku moja."

Mfamasia aliligeuzageuza lile yai. "Nilijua," akasema. "Nilikusikia ukicheka huko juu. Miezi yote hii nimekuchekesha, na unacheka, kwa adabu. Sikujua kwamba una kicheko kile." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa, akaliacha. "Marehemu mke wangu alikuwa na chake. Mtu akishakisikia hawezi kujidanganya."

"Nisamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Ila lile bango la duka ukilirekebisha tena, usinifanyie bure. Nitalipa kama watu wengine."

Fundi alilia hapo, kidogo, kwa ajili yake. Kisha akaenda dirishani kwa Mama. Kioo kilikuwa kimepandishwa. Akagonga. Kikashuka kidogo.

"Mama, nabaki."

Mama alikuwa anatazama mbele, pochi ameikumbatia. "Nilijua tangu lango lile. Nikasema huyu bwana wa watu, kati ya barabara zote..." Mikono ilitaka kukuna nazi, ikarudi kwenye pochi. "Nilikuchagulia wakati ule kwa sababu niliogopa. Nisiseme uongo. Ningekuchagulia tena hivyo hivyo. Hujui dirisha lilivyo, mwanangu. Hujui."

"Najua, Mama. Nilikuwa nimekaa sakafuni, nakutazama."

Mama aligeuka, akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona mvi zake. Kisha akanyoosha shingo na kumwita yule mrefu aliyesimama mbali, kofia mikononi. "Wewe, njoo."

Twiga akaja, akainama dirishani.

"Huyu akikusubiri usirudi, ni nani atakayekuja kuniambia?"

"Hatanisubiri, Mama. Nilichokosea kwa mwingine ni kumwacha nyumbani nikaenda. Kazi ya mawe haya ni ya watu wawili. Nikipanda tutapanda naye. Nikirudi tutarudi naye."

"Na ukifa huko?"

"Atakuwepo. Atakuambia yeye mwenyewe."

Halikuwa jibu la kumpendeza mama mkwe, wala halikuwa na asali. Mama alilitafuna muda mrefu. Mfamasia alikuwa ameshaingia nyuma ya usukani, akawasha gari, akangoja, akitazama pembeni kwa ustaarabu.

"Zima gari, baba," Mama akamwambia.

"Mama, lango litafungwa."

"Lifungwe. Mimi siachi mtoto wangu mahali ambapo sijaona anapolala." Akafungua mlango, akashusha mguu mmoja, akaguna, akashusha wa pili, akaikataa mikono yote mitatu iliyonyooshwa kumsaidia. Akamkabidhi Twiga kikapu. "Nyumba yako ipi?"

"Ile ya mwisho, Mama. Yenye bati jekundu."

Mama akajifunga kanga yake vizuri kiunoni na kuanza kutembea kuelekea huko, magoti yakilalamika, bila kumngoja mtu.

"Na kama haijafagiliwa," akasema bila kugeuka, "tunarudi wote."